Fundo la Majula

Pijo ya Kazimili Ndalahwa ina miaka tisa
inawaka kwa nyaya mbili
zinazoning'inia chini ya usukani kama ndevu za kambale.
Nyekundu inagusa nyeusi, cheche,
stata inakohoa, na Igombe nzima inajua kumekucha.
Ufunguo ulikatikia ndani ya kitasa
siku aliyokuwa anawawahi dagaa kabla ya mvua.
Nusu imo humo. Nusu anakwangulia masikio.

Leo trafiki wamemchosha.
"Fundi," ananiambia, "nataka kuwasha gari
kama mtu mwenye gari lake."

Tunalisukuma hadi kwenye jiwe.
Gereji yetu hapa Nyakato haina ukuta wa nyuma,
ina jiwe, refu kuliko kanisa la jirani,
na halijawahi kudai kodi.
Nachomoa waya wa betri kwanza.
(Nilishawahi kusahau. Kiulize kidole hiki.)

Skrubu za kava: tatu zipo, ya nne ni msumari.
Nautikisa usukani, unacheza
kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Kitasa kimeshikwa kwa boliti zisizo na vichwa,
zimeundwa zisifunguliwe kamwe;
mtu wa kiwandani alimwogopa mwizi
akamsahau fundi.
Naipiga ya kwanza kwa tindo, pembeni, kinyume cha saa,
polepole, kama anayeomba radhi mlangoni usiku,
mpaka inakubali.
Ya pili haikubali. Naitoboa kwa drili.

Ndipo nikaiona.
Bushi ya juu ya shafti haipo.
Mahali pake kuna soli ya kandambili, ya bluu,
imekatwa mviringo kwa wembe,
ikazungushiwa uzi wa nyavu mara kumi na saba (nilihesabu)
na fundo dogo, limelalia kushoto.

Fundo hilo nalijua.
Majula wa Ukara, aliyenifundisha kushika spana,
alishona nyavu Kirumba kabla injini hazijamvuta.
Alifunga kwa kushoto. Kila kitu:
radieta, mifuko ya unga,
mkono wangu siku feni iliponila.
"Uzi hausemi uongo," alikuwa akisema,
"ukichoka unakuonyesha."
Ziwa lilipopanda likameza vibanda vya mwaloni
yeye alikuwa ameshalala.
Habari za Pijo hii hakunipa.
Sijui alilipwa pesa au sato.

Beringi mpya iko ndani ya karatasi yake, inanukia mafuta.
Shija, kijana wangu: "Kata tu, hilo si takataka?"
Nikamwambia ngoja.
Fundo la Majula hufunguka lenyewe
ukijua pa kuvuta.
Miaka sita nilikaa chini ya mikono yake
sikuwahi kuuliza pa kuvuta.
Nikavuta huku, nikavuta kule.
Nikakata.

Halafu kazi ikawa kazi: girisi, beringi, klipu,
kitasa kipya, nyaya nne ambazo rangi zake zilishakufa,
nikazipima moja moja kwa taa ya majaribio
na jua likanizunguka hadi upande wa pili wa jiwe.
Boliti mpya unatakiwa kuzikaza
mpaka vichwa vikatike.
Nilizikaza, nikaziacha na vichwa vyake.
Kuna fundi atakuja baada yangu.

Kazimili akazungusha ufunguo. Ikawaka
bila cheche, bila kikohozi.
Akabaki ameinama, mkono wake wa kulia
unapapasa chini ya usukani, unatafuta.
Alipoendesha hadi barabarani na kurudi
akasema stelingi imekuwa nyepesi mno,
haimjibu.
Nikamwambia itamzoea.

Amelipa nusu. Nusu nyingine dagaa wakikauka.
Ile soli ya bluu Shija ameshaizibia kopo la girisi.
Upande wa Igombe, wingu.